Inazima Yenyewe

Kila mara mdogo wangu alipokosa kulipia pikipiki yake, ujumbe ulikuja kwangu. Mimi ndiye mdhamini. Niliweka sahihi siku ya kwanza, nikapewa soda, nikapigwa picha nimeshika kitambulisho, na tangu siku hiyo simu yangu ikawa inajua madeni yake kabla yeye mwenyewe hajaamka. Mteja uliyemdhamini hajalipa malipo ya jana. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla hata ya chai.

Nampigia. Anashika baada ya kuita sana.

"Siste, nduthi inazima."

"Inazima aje?"

"Inazima tu. Inazima yenyewe."

Kwa wiki tano hivi jibu lilikuwa hilo hilo, na wiki zote hizo nilikuwa na uhakika najua maana yake. Mwaka 2021 Mama alienda ushago kwa mazishi, akarudi akakuta mtungi wa gesi haupo. Mdogo wangu aliapa kwamba wezi waliingia. Kufuli ilikuwa nzima. Dirisha lina vyuma. Hao wezi walichukua mtungi wa kilo 13, wakaacha redio, wakaacha simu iliyokuwa inachaji juu ya redio, wakafunga mlango vizuri na kwenda zao. Wikendi hiyo kulikuwa na mechi kubwa. Mama hakusema kitu, alinunua mtungi mwingine pole pole kwa pesa za chama. Mimi pia sikusema, lakini niliiweka moyoni kama risiti.

Kwa hivyo aliponiambia nduthi inazima, mimi nilisikia mtungi.

Pikipiki yenyewe tuliingia kwayo kwa furaha. Kabla ya hapo alikuwa anaendesha nduthi ya mtu: jioni unampelekea mwenyewe pesa yake, uwe umepata wateja ama umekaa stejini ukipiga story. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita Septemba 2023, alianza kurudi nyumbani na pesa ya maziwa na mkate tu. Mwezi huo huo Rais akazindua mpango wa pikipiki za stima kule Mombasa, na ghafla kila steji ilikuwa na mtu aliyejua mtu aliyepata moja. Ilimchukua muda kuamua. Mama alitoa deposit, mimi nikatoa sahihi, na yeye akaahidi shilingi 420 kila siku hadi iwe yake.

Siku aliyoileta kwa ploti, Mama alisimama mlangoni akingoja aiwashe.

"Imewaka, Mama."

"Mbona sijasikia?"

Akasogea mbele mita tano, akarudi, kimya kabisa, na Mama akacheka hadi akashika ukuta. Watoto wa ploti waliikimbilia. Jirani mmoja akauliza kama italipiwa kwa bili ya wapangaji wote. Haichajiwi nyumbani, ikabidi tumweleze. Betri si ya mwenye pikipiki. Ikikaribia kuisha unaenda stesheni, unatoa ile, unawekewa nyingine iliyojaa, unalipia ulichotumia, unaondoka. Wenyewe wanaita kuswapu. Kumbuka hiyo, nitairudia.

Mimi hutengeneza simu. Nina nusu ya meza kwenye duka moja Luthuli Avenue, kati ya jamaa anayeuza spika na mwingine anayeuza kava, na nimekaa hapo miaka sita. Simu iliyokufa kabisa hainisumbui. Iliyokufa imekufa, unaifungua, unapima hatua kwa hatua mpaka unapata pale stima inapokwamia. Inayonitoa jasho ni ile inayozima na kuwaka. Mteja anafika amekasirika, inazima yenyewe, halafu anaitoa mfukoni na inawaka vizuri kama mtoto aliyelia usiku kucha kisha anafika kliniki na kuanza kuchekea nesi. Mteja anaona aibu. "Sasa mbele yako haifanyi."

Nimeizoea hiyo aibu. Huwa namwambia aketi, halafu nauliza maswali, na simuulizi ina shida gani. Namuuliza alikuwa anafanya nini. Ilikuwa mkononi ama mfukoni? Ulikuwa umeketi? Palikuwa na jua? Kuna mama mmoja simu yake ilikuwa inazima kanisani peke yake. Mafundi wawili walishamcheka. Kumbe kanisani ndipo alipokuwa anaiweka ndani ya kava ya Biblia na kufunga zipu, na ile kava ilikuwa inabana ubavu wa simu, pale kwenye kitufe cha kuwasha, ambacho kilikuwa kimelegea. Kazi ya dakika ishirini. Nilimwamini yule mama tangu alipofungua mdomo, na hata jina lake sikulijua.

Huko kwa kampuni (jina nitaliacha, bado tunawalipa) mdogo wangu alienda mara tatu. Kila mara anapanga foleni tangu asubuhi, siku nzima bila kazi, na malipo ya siku hiyo hayangoji. Fundi anaisimamisha pikipiki kwenye standi, anafunga gurudumu la mbele ili isianguke, anawasha, anafungua mwendo. Gurudumu la nyuma linazunguka vizuri. Anaunganisha kompyuta yake. Hakuna kosa lolote lililoandikwa. Mara ya tatu alimgeuzia skrini aone mwenyewe: mfumo ulionyesha kwamba pikipiki ilizimwa kwa ufunguo. Tarehe fulani saa fulani, imezimwa, sekunde mbili baadaye imewashwa. Siku nyingine tena, hivyo hivyo.

"Boss, hapa inaonyesha ni wewe unazima."

Hebu fikiria unaambiwa hivyo na mashine. Alirudi nyumbani akanieleza, na mimi, dada yake, nilifikiri: sasa basi, hata kompyuta imemshika.

Stejini nako kila mtu alikuwa na nadharia yake. Mmoja alisema kampuni inamzimia kutoka mbali kwa sababu ya deni. Jambo hilo linawezekana, pikipiki nyingi za mkopo zina kifaa cha kufuatilia, lakini ukifungiwa kwa deni unafungiwa mpaka ulipe, hufungiwi sekunde mbili katikati ya barabara. Mwingine alisema ni maji, mwingine akasema ni betri mbovu za stesheni ya Donholm, akaapa kwa jina la mtoto wake. Mzee mmoja aliyeendesha petroli maisha yake yote alisema tu, "Si niliwaambia." Na kwa sababu nduthi ilikuwa inakatika bila kubisha, wakamwita Tokeni. Jina likashika. Wateja wakaanza kumpita. Nani anataka kubebwa na Tokeni?

Halafu akaanguka.

Ilikuwa jioni, raundabauti ya City Stadium, jam ya kawaida ya Jogoo Road. Alikuwa amebeba mama aliyetoka Gikomba na mzigo mapajani. Alipokuwa anajipenyeza kati ya matatu mbili kuingia kwenye mzunguko, nduthi ikakata. Nyuma yake kulikuwa na lori. Lori lilishika breki, likamgusa tu, kugusa kidogo kabisa kwa lori, na wote wawili wakalala chini. Yule mama alichubuka kiwiko, simu yake ikapasuka kioo. Mdogo wangu aliumia goti. Watu walikusanyika, na unajua boda ikianguka nani huwa na makosa.

Alinipigia usiku. Alinieleza yote pole pole, sauti imeshuka, akaniomba elfu tatu amtengenezee yule mama simu.

Nikamwuliza, "Kwani leo ulibeti ngapi?"

Alinyamaza kidogo, kisha akakata simu.

Sijui ni kitu gani kilinifanya niseme vile, ama najua na sipendi kukisema. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelipa siku zake nne mfululizo kutoka mfukoni mwangu. Lakini alikuwa ameniambia amegongwa na lori, na mimi sikuuliza kama ameumia.

Tulikaa siku tisa bila kuongea. Siku ya kumi, Jumamosi, nilienda kumwona Mama, na alipokuwa ananimiminia chai alisema bila kuniangalia, "Wewe hutengeneza simu za watu wote Nairobi. Hiyo pikipiki umewahi kuiangalia hata siku moja?"

Nilitaka kumwambia pikipiki si simu. Lakini waya ni waya.

Jumapili nikabeba mita yangu, bisibisi, taa ya kichwani, nikaenda kwa ploti yake Umoja. Alinifungulia akaangalia ule mfuko, akaniangalia mimi, hakusema karibu wala toka. Goti lake lilikuwa bado na gamba. Nduthi ilikuwa imeegeshwa kwenye korido, amepangusa hata spoki. Nikamwambia, "Niambie ilikuwa inafanya nini." Akatoa simu, akafungua pale anapoandikia mambo yake, akanipa.

Alikuwa ameandika kila kitu. Mara kumi na saba. Tarehe, saa, mahali, asilimia ya betri, kama amebeba mteja, kama kuna mvua. City Stadium, asubuhi, betri 61, mteja 1, pakavu. Nje ya Mutindwa, nageuza, betri 88, sina mteja, pakavu. Geti ya shell, betri 34, mteja 1, mvua. Aliandikia wale wa kampuni, akidhani fundi atataka kujua. Hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuwa nimeuliza.

Nilikaa kwenye ngazi nikaisoma ile orodha kama ninavyosoma simu ya mteja. Kitu cha kwanza nilichofuta ni betri. Nilikwambia ukumbuke kuswapu: kati ya kuzima kwa kwanza na kwa mwisho alikuwa amebadilisha betri mara nyingi sana, kila moja tofauti. Betri nyingi haziwezi kuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo usionekane kwa waendeshaji wengine waliozitumia. Kilichobaki na pikipiki ni mdomo wake, pale betri inapochomekwa. Nikautazama kwa taa. Pini inayoachia huchoma: inabadilika rangi, plastiki inayeyuka kidogo, kuna harufu. Zake zilikuwa safi. Nikapima, betri yake ya volti 72 ilikuwa inasoma 81, na hiyo ni kawaida kwa betri ambayo ikijaa kabisa hufika 84.

Kitu cha pili ni kilima. Betri iliyochoka ukiipandisha mlima na mzigo, volti zake huanguka, na ule ubongo mdogo ulio ndani yake hukata stima ili kuzilinda seli. Watu wengi wakisikia nduthi ya stima inazima hufikiria hilo kwanza. Lakini alikuwa anapanda Valley Road karibu kila siku, na Valley Road haikuwa kwenye orodha hata mara moja. Mvua, mara nne kati ya kumi na saba. Mteja, nusu kwa nusu. Na hakukuwa na mahali pa mwendo wa kasi. Yote yalikuwa ni mageti, raundabauti, steji, mahali pa kugeuza.

"Ikizima, skrini inazima pia ama inabaki?"

Swali hilo ndilo linalogawa kazi mara mbili. Skrini ikibaki inawaka na gurudumu halivuti, stima ipo ila kuna mtu anaikataza mota isizunguke: swichi ya kwenye mkono wa breki imekwama na nduthi inadhani umeshika breki, ama swichi ya standi ya pembeni inadhani umeegesha, ama waya wa mkono wa mwendo, ama zile nyaya nyembamba zinazoiambia kontrola mota imefika wapi. Skrini ikizima, basi stima yenyewe imekatika huko juu kabla ya kugawanywa, na hizo zote huna haja ya kuzigusa.

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa rangi ya viatu vya mwizi.

"Siste, kuna matatu nyuma yangu. Mimi siangalii skrini."

Haki yake. Nikavaa helmeti ya mteja, nikapanda nyuma, nikamshika mabega na kuchungulia juu ya bega lake la kulia.

Ninaogopa boda, wacha niseme ukweli. Ninazipanda kwa sababu sina njia nyingine. Tulitoka Umoja, tukashika Jogoo Road hadi City Stadium, tukazunguka raundabauti mara tatu kama watu waliopotea. Kitu hakikutokea. Jumapili barabara ni tupu, tulikuwa tunapita kwa mwendo, tumelala upande. Tukarudi Mutindwa. Kitu hakikutokea. Karibu dakika arobaini. Na nitasema kitu ambacho sijamwambia mpaka leo: wakati huo, nimemshika mabega, nilianza tena kutomwamini. Nilijisikia nikiandaa sentensi. Nilikuwa nimefika hapo "unajua, labda" wakati alipopunguza mwendo pale kwa mama mboga wa kona yao, akakata usukani kulia kabisa ili ageuze kuingia kwenye njia ya ploti, na skrini mbele ya macho yangu ikawa nyeusi.

Sekunde moja hivi. Tukayumba. Akanyoosha usukani, skrini ikarudi, lakini mota haikuvuta. Alikuwa amekaza mkono wa mwendo, anauzungusha zaidi, na wapi. Akauachia, akauzungusha upya, ikavuta.

"Umeona?" akasema. Hakupiga kelele. "Umeona, Siste?"

"Nimeona."

Aliisimamisha pale pale, akashuka, akachuchumaa kando ya njia na kushika kichwa. Mama mboga akauliza kama kuna mtu ameumia.

Ile ya kukataa kuvuta ina maana yake. Kontrola ikipoteza stima kidogo tu inaanza upya, na nyingi ya hizi kontrola zikiamka zikikuta mkono wa mwendo umefunguliwa hazitii, zinangoja uurudishe sifuri kwanza. Ni usalama. Hungependa uwashe nduthi iruke ikugonge ukutani. Lakini mtu aliye mbele ya lori hufanya kinyume, anafungua zaidi, na jinsi anavyozidi kufungua ndivyo inavyozidi kukataa. Wiki zote hizo alikuwa akiniambia "inakataa, halafu ikiamua inakubali," na mimi nilikuwa nikiona anapaka kisingizio rangi.

Tuliisukuma hadi kwenye korido. Nikavua bangili, volti 72 si za kuchezea na chuma mkononi. Tukaisimamisha kwenye standi kubwa, gurudumu la nyuma hewani, ikawashwa. Usukani ukiwa umenyooka: inawaka. Kushoto mpaka mwisho: inawaka. Kulia mpaka mwisho: giza. Nyoosha, inawaka. Kulia, giza. Tulifanya hivyo labda mara kumi, sisi wawili tukicheka kama wajinga, watoto wa ploti wakaja nao wakataka kujaribu.

Hapo ndipo nilipoelewa standi ya kampuni. Huko walikuwa wanalifunga gurudumu la mbele, limenyooka. Wangeweza kuizungusha mota mwaka mzima, na mwaka mzima ingekuwa nzima.

Shingoni mwa pikipiki, pale usukani unapokutana na mwili, bunda lote la nyaya kutoka mbele hupita kwenda nyuma: za taa, za honi, za breki, za ufunguo. Kila ukigeuza usukani linapinda, kwa hivyo linahitaji nafasi ya kuteleza kidogo. La kwake lilikuwa limefungwa kwenye chuma kwa ile kamba ya plastiki ya kufungia waya, imekazwa hadi ikaacha alama. Halikuwa na pa kuteleza. Kila kona ya kulia lilikuwa linavutwa mahali pamoja. Nikashika bunda kwa vidole viwili na kulikunja huku usukani umenyooka: skrini ikazima. Nikatoa betri, nikachomeka ncha za mita kwenye waya wa ufunguo, mwisho mmoja na mwingine. Mita inalia wakati stima ina njia. Ililia. Nikakunja, ikanyamaza. Kwa nje ule waya ulikuwa mzima, mpira wake unang'aa, ndani shaba imekatika na ncha zinagusana tu kwa bahati.

Waya wa ufunguo. Ukikatika, pikipiki haiwezi kujua kama ni ufunguo umezungushwa ama ni waya umeachia, kwake zote ni sawa. Kwa hivyo iliandika ilichojua. Imezimwa. Imewashwa. Kompyuta yao haikudanganya, ila aliyeisoma hakuwa na swali lingine la kuiuliza.

Nilitaka kuukata na kuulehemu hapo hapo. Akanizuia. Mkataba unasema ukifungua nyaya mwenyewe umepoteza gwaranti, na alikuwa ameusoma mkataba, kurasa zote, mimi niliyeweka sahihi sikuwa nimeusoma. Tukapiga video badala yake. Kulia, giza. Nyoosha, mwanga.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda naye. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nimevaa hata viatu vya ugomvi. Fundi alikuwa kijana wa umri wangu, macho mekundu, foleni ya nduthi nyuma yake haijaisha. Mdogo wangu hakumwonyesha video. Alimwambia tu, "Iwashe, usifunge gurudumu la mbele. Sasa geuza kulia." Fundi akageuza. Akarudisha. Akageuza tena, pole pole, akiinama kusikiliza kana kwamba kuna sauti. Kisha akachukua kikata waya na kuiondoa ile kamba ya plastiki bila kusema neno.

Kazi yote haikufika nusu saa. Alipokata mpira wa waya, shaba ndani ilikuwa kijani na imevunjika nyuzi zote isipokuwa mbili tatu. Aliweka kipande kipya, akalehemu, akavisha ule mpira unaojikaza ukipata joto, akalifunga bunda tena kwa nafasi. Alisema pole, na nafikiri alimaanisha. Siku ambazo mdogo wangu alikosa kazi hazikufutwa kwenye deni, hilo si la fundi, tuliliandikia barua na jibu bado. Tulipokuwa tunatoka niligeuka nikamwona ameiendea nduthi iliyofuata kwenye foleni, ya mtu mwingine kabisa, ameshika usukani wake anaugeuza kulia.

Yule mama wa Gikomba alinipata Luthuli wiki hiyo. Nilimwekea kioo kipya, sikuchukua pesa. Aliuliza mimi ni nani wa yule boda.

Kumwomba mdogo wangu msamaha kulinichukua muda mrefu kuliko kupata ule waya. Nilijaribu kwa njia ya mkato: nikamlipia siku tatu bila kumwambia. Akazirudisha kwa M-Pesa. Mwisho nilienda jioni moja kwa Mama nikamkuta amekaa jikoni anakula chapati akiwa amesimama, kama kawaida yake, nikamwambia kwamba ile siku ya lori nilipaswa kumuuliza kama ameumia. Kwamba nilikuwa nimeamua yeye ni mwongo kabla hajasema chochote. Alitafuna, akameza. Mama alikuwa nje anaanua nguo.

"Sawa," akasema.

Akakata kipande kingine cha chapati, akakishika bila kukila, akaangalia kona ile mtungi unapokaa.

"Lakini mtungi nilichukua mimi."

"Najua."

"Najua unajua. Nilikuwa sijasema."